Mwanao akianza kukata nguo na kuokota vizibo, usikimbilie fimbo

Watoto wa aina hii wapo karibu kila mtaa. Ananunuliwa suruali ya sikukuu, wiki haijaisha ameshaikata miguu na kushonea mfuko mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Redio ya nyumbani ikinyamaza, kabla baba hajapata nafasi ya kuipeleka kwa fundi, imeshafunguliwa na nusu ya vipuri viko chini ya kitanda. Katika kata kama Ilomba, jijini Mbeya, penye gereji, mafundi cherehani na wanunuzi wa vyuma chakavu, mtoto huyo hakosi malighafi. Vizibo, nyaya, minyororo ya bodaboda na vipande vya vitambaa vinavyobaki kwa fundi, vyote anavipata bure.

Mzazi naye ana hofu yake, na hofu hiyo ina sababu. Ada imelipwa kwa kujinyima. Anataka mtoto awe nesi, mwalimu au mhasibu, mtu mwenye mshahara unaojulikana mwisho wa mwezi. Anapomwona anarudi na mfuko wa takataka, picha inayomjia ni ya mtu mzima anayeokota makopo barabarani. Hapo ndipo maneno makali huanza, na wakati mwingine fimbo.

Kabla ya kufika huko, inafaa mzazi aijue safari ya Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi ambaye vitu alivyoanza kuviunda ili avivae usoni vimemfikisha kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya, Marekani na Afrika Kusini.

Miwani aliyonyimwa

Kabiru alizaliwa mwaka 1984 na kukulia Korogocho, upande wa mashariki wa Nairobi, karibu na dampo kubwa la Dandora. Amesimulia mara nyingi kwamba akiamka asubuhi, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa taka. Watu wengine waliona uvundo na aibu. Yeye alikuwa akimwambia baba yake kwamba angependa kuzipa taka hizo nafasi ya pili ya kuishi.

Utotoni alitamani miwani. Hakuihitaji kwa sababu ya ugonjwa wa macho, aliipenda tu. Baba yake alikataa, na kukataa kwake kulikuwa na historia. Naye alipokuwa mdogo alinunuliwa miwani, ikaharibika mikononi mwake, akachapwa vikali na mama yake kwa hasara aliyoitia nyumba. Tangu siku hiyo hakutaka kuona miwani. Alichomwambia mwanawe ni kwamba kama anaitaka, atengeneze ya kwake.

Pengine baba alidhani amemaliza mazungumzo. Mtoto aliichukua kauli ile kama ruhusa. Akaanza kukunja waya, kuunganisha vizibo na vipande vya vyuma, na kuvivaa usoni. Hakuna aliyempeleka chuo cha sanaa. Alijifunza kwa kufanya, kuharibu na kurudia.

Alipomaliza shule, baba alitamani asome uhandisi. Si ajabu, maana kijana anayefungua na kufunga vitu tangu utoto anaonekana amezaliwa kuwa mhandisi. Kabiru alichagua sanaa, na kwa miaka kadhaa akafanya kazi katika kituo cha wasanii cha Kuona Trust jijini Nairobi, ambako alipata nafasi ya karakana na wenzake wa kujifunza kutoka kwao.

Miwani yake ilipata jina la C-Stunners. Mtu asiyewahi kuiona asifikirie miwani ya dukani iliyopambwa. Nyingine zina ukubwa wa kufunika nusu ya uso. Mahali pa kioo huwekwa wavu au bati lenye matundu, na pembeni hutokeza nyaya, vijiko, vipande vya simu na vya kompyuta zilizokufa. Nyingi amezipa jina la Macho Nne, utani ambao kila mtoto aliyevaa miwani shuleni ameusikia, na baada ya jina hilo kila moja hupewa jina lake la pili.

Nguo, pambo au sanamu?

Swali hilo lilimfuata Kabiru kila alipokwenda. Watu wa mitindo waliiona miwani hiyo kuwa mavazi ya kuthubutu, yale yanayovaliwa jukwaani ili kushangaza na kufikirisha, si ya kwendea sokoni. Wapiga picha waliipiga ikiwa usoni mwa msanii mwenyewe, na picha hizo ndizo zilizomtangaza. Watu wa makumbusho waliitazama wakaona sanamu ndogo inayokaa juu ya pua. Wote walikuwa sahihi.

Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa miongoni mwa vijana wanaotambuliwa na taasisi ya TED ya Marekani kwa kazi zenye mawazo mapya. Mwaka huohuo kazi zake zilikuwa katika maonyesho ya Studio Museum in Harlem, New York. Mwaka 2015, makumbusho ya Vitra Design Museum nchini Ujerumani yalifungua maonyesho makubwa kuhusu ubunifu wa Afrika, na uso uliotumika kuyatangaza ulikuwa wa Kabiru akiwa na miwani yake. Maonyesho hayo yalihamia baadaye Guggenheim ya Bilbao, Hispania.

Hakubaki kwenye miwani. Aligeukia baiskeli zile nzito nyeusi zisizo na gia ambazo Wakenya huziita Black Mamba, ndugu wa Phoenix zilizobeba mahindi, ndizi na wagonjwa katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini. Bodaboda zilipoingia, baiskeli hizo zilianza kutupwa. Kabiru akaziokota, akazivunjavunja na kuziunganisha upya ziwe sanamu zisizopandwa na mtu. Baadaye akaingia kwenye redio za zamani, zile ambazo familia nzima ilizizunguka kusikiliza taarifa ya habari, akaziunda upya kuwa sanamu.

Ukiifuata safari hiyo kwa mpangilio, utaona haina hatua ya ajabu. Alianza na kitu kinachovaliwa usoni, akaja kwenye kinachopandwa, kisha kinachosikilizwa. Vyote vimewahi kuwa karibu na mwili wa binadamu, na vyote vilikuwa njiani kuelekea jalalani.

Kwa nini mavazi huzaa wachongaji

Mzazi anaweza kudhani kushona na kuchonga ni kazi mbili zisizojuana. Mtazame fundi cherehani wa mtaani kwako. Anapokea kitambaa kilicho bapa kama karatasi, anachukua vipimo vya mtu mwenye mabega, kifua na kiuno, kisha anakata vipande ambavyo peke yake havifanani na chochote. Vikishaunganishwa, kitambaa bapa kimekuwa umbo lenye mbele, nyuma na pande. Hiyo ni hesabu ya maumbo. Mchongaji anaifanya kwa mti au chuma, fundi anaifanya kwa kitenge.

Kwa hiyo kijana anayeharibu suruali ili aone ndani imeshonwaje anajifunza jambo. Anajifunza kupima kwa jicho, kujua kitu gani kinakunjika na kipi kinavunjika, na kuvumilia kazi inayokataa. Ujuzi huo una soko pana kuliko sanaa, kwa sababu ndio unaohitajika kwa fundi wa samani, fundi wa viungo bandia hospitalini, hata daktari wa upasuaji.

Uganda wanao mfano wa karibu zaidi. Xenson, ambaye jina lake halisi ni Samson Ssenkaaba, alisoma katika shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell miaka ya 1930. Alijulikana Kampala kwa mavazi ambayo wengi hawakuwahi kuyaona: makubwa, yenye pembe na mikunjo, mengine ya kitambaa cha magome. Humohumo akawa mchoraji, muunda sanamu na mshairi wa kughani. Mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa wasanii walioiwakilisha Uganda katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia.

Kitambaa hicho cha magome nacho kina somo lake. Waganda hukipata kwenye mti wa mutuba: gome hubanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mbao mpaka liwe laini na pana, na mti huachwa uote gome jipya. UNESCO iliutambua ujuzi huo mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia usioshikika. Kitu ambacho vijana wengi waliona ni cha mazishi na cha wazee, wabunifu walikichukua wakakipandisha jukwaani.

Ng'ambo, mfano unaotajwa sana ni Nick Cave wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1959 katika jimbo la Missouri. Hapa hazungumziwi mwimbaji wa Australia mwenye jina kama hilo. Cave alilelewa na mama peke yake katika nyumba iliyojaa wavulana, na nguo zilishuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, kama ilivyo kwenye familia nyingi za hapa. Ili nguo ya kaka iwe yake, alikuwa akiibadilisha: anakata mkono, anaongeza kipande. Baadaye alisomea sanaa ya nyuzi na vitambaa, akacheza ngoma jukwaani, na akaja kuongoza idara ya mitindo katika School of the Art Institute of Chicago.

Mwaka 1991 polisi wa Los Angeles walimpiga kikatili Mmarekani mweusi, Rodney King, na tukio likanaswa kwenye video. Cave, akiwa mtu mweusi, alijiona yuko hatarini. Siku moja akiwa bustanini Chicago aliokota vijiti vilivyoanguka, vitu visivyothaminiwa na mtu, akavibeba nyumbani na kuviunganisha. Alidhani anaunda sanamu. Alipoivaa, ikatoa mlio kila aliposogea, na ikamficha asijulikane rangi, jinsia wala hali yake. Ndiyo ikawa ya kwanza katika mavazi yake yaitwayo Soundsuits, na tangu hapo ameunda zaidi ya 500. Kijana mwenye hofu alipata njia ya kuisema bila kumuumiza mtu.

Hilo ni jambo la afya kama mambo mengine ya afya. Kijana wa miaka 14 au 15 mara nyingi hana maneno ya kueleza kinachomsumbua. Anayepata kitu cha kufanya kwa mikono, akakianza na kukimaliza, hupata mahali pa kuweka mawazo yake. Si tiba ya sonona, na mtoto aliyejitenga, asiyelala au anayezungumzia kujidhuru anapaswa kufikishwa kwa mtaalamu wa afya haraka. Lakini kumnyang'anya kitu pekee kinachomtuliza, tena kwa dharau mbele ya wenzake, kunaweza kumwongezea mzigo.

Macho ya mtoto si ya kuahirisha

Kisa cha Kabiru na baba yake kina upande mwingine ambao mzazi hapaswi kuupita. Kabiru hakuwa na tatizo la kuona. Mtoto mwenye tatizo hawezi kujitengenezea miwani kwa waya, na miwani ya sanaa au ya urembo haisahihishi chochote.

Dalili zinajulikana. Mtoto anasogelea sana ubao, daftari au televisheni. Anakunja uso au kufumba jicho moja anapotazama mbali. Anaumwa kichwa mara kwa mara baada ya kusoma. Anaruka mistari, au jicho moja linapotea upande. Walimu wengi huwaita watoto hao wavivu, kumbe hawaoni kilichoandikwa.

Kuchelewa kuna gharama. Kwa watoto wadogo, jicho lisilopata picha safi linaweza kupuuzwa na ubongo, na tatizo hilo likipita miaka ya mwanzo ya shule bila kutibiwa, kulirekebisha huwa kugumu sana hata kwa miwani nzuri. Vipimo vya macho hufanyika katika hospitali nyingi za wilaya na mikoa, na kwa wakazi wa Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Miwani inayouzwa barabarani bila kupimwa haimfai mtoto.

Na mtoto akiivunja? Watoto huvunja miwani. Kumchapa kulimfanya baba mmoja wa Nairobi aichukie miwani mpaka utu uzima, na chuki ile ikamfikia mtoto. Ni nafuu kununua fremu ya plastiki isiyovunjika kirahisi na kamba ya kufunga kisogoni.

Taka zenye sumu na zisizo na sumu

Kumwacha mtoto aunde vitu hakumaanishi kumwacha aokote kila kitu. Hapa ndipo sheria za nyumbani zinapohitajika, na ziwe chache ili zikumbukwe.

Betri za magari, betri ndogo za saa na redio, na vioo vya televisheni za zamani zenye mgongo visiguswe kabisa. Vina madini yenye sumu, hasa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inaharibu ubongo polepole, bila homa wala kikohozi cha kumshtua mzazi.

Nyaya zisichomwe ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ya waya una sumu kwa anayechoma na kwa jirani. Kama plastiki lazima itoke, ikatwe kwa koleo, na mtu mzima akiwepo.

Sindano, chupa za dawa na taka zozote za hospitali zisiokotwe. Mtoto akichomwa na sindano iliyotupwa, aoshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo bila kusubiri, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora.

Kuhusu misumari, watu wengi huamini kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, hivyo hata msumari mpya uliolala chini unaweza kuvibeba. Watoto hupewa chanjo ya kuikinga wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kidonda kirefu na kichafu bado kinahitaji kuonwa na mhudumu, ambaye ataamua kama sindano nyingine inatakiwa.

Vizibo, vitambaa, maboksi, mbao, vijiti, nyaya zisizo na umeme, minyororo na spoki za baiskeli vinatosha kabisa. Vioshwe kwa sabuni, na mtoto avae viatu, glovu na miwani ya kujikinga ya mafundi anapokata bati.

Je, atakula nini?

Swali hili ni halali na halijibiwi kwa kutaja watu waliofanikiwa pekee. Kwa kila msanii anayefika makumbusho, wapo wengi wasiofika. Kipato cha sanaa huja kwa msimu, na miezi mingine hakiji kabisa. Mzazi anayemwambia mtoto ukweli huo hamvunji moyo, mradi amwonyeshe pia njia.

Njia mojawapo ni kumpa ujuzi unaolipa ada yake mwenyewe. Kijana anayependa mavazi ya ajabu akijua pia kushona sare za shule, hatakosa pesa ya nauli. Anayependa kuunganisha vyuma akijua kuchomelea geti, ana kazi. VETA, ambayo ina chuo Mbeya, hufundisha fani za namna hiyo, zikiwemo za ubunifu wa mavazi na ushonaji. Katika mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024, sekondari zina mkondo wa amali kwa wanaotaka kujifunza kazi za mikono pamoja na masomo. Baada ya hapo wapo TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachofundisha sanaa hadi shahada. Mzazi aende mwenyewe kuuliza sifa za kujiunga, maana hubadilika.

Tanzania haihitaji kuazima mifano yote. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia vibao vya dari na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Hakuwa na turubai wala brashi za bei. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wenye jina lake unalisha familia hadi leo.

Anachoweza kufanya mzazi wiki hii

Mpe mtoto sehemu moja ya kuwekea vitu vyake, hata kama ni boksi chini ya meza. Kisichoingia humo kirudi kilikotoka.

Mwekee saa. Kazi za nyumbani na za shule kwanza, kisha muda wake usikatizwe ovyo. Mtoto anayejua saa yake itafika hafichi redio kitandani.

Zitenge nguo anazoruhusiwa kukata. Shati la mtumba la bei ndogo litamfundisha kuliko kuharibu sare, na sare ibaki haigusiki.

Mpeleke kwa fundi mnayemwamini, mzazi ukiwepo mara za kwanza, akaone kazi ya kweli inavyofanywa na jinsi mteja anavyolipa au anavyokwepa kulipa.

Na akikuletea alichokiunda, muulize amekifanyaje kabla ya kumuuliza kina faida gani. Akikuonyesha palipounganishwa vibaya na kukueleza atakavyorekebisha, ujue hapotezi muda. Mtoto anayeliona kosa lake na kutaka kulirekebisha ameanza kujifunza kazi, yoyote atakayoifanya baadaye.